Herufi Niliyoifuta

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Mtinko hatujambo. Bibi yako yuko uani anapeta mtama. Umeuliza kwa nini nakukatiza kwenye simu ukisema shikamoo na kuendelea kabla sijaitikia. Ni woga wa zamani.

Nilipokuwa karani hospitalini, maombi ya damu tuliyatuma benki ya damu kwa modemu, kifaa cha kompyuta kinachopiga simu na kupeleka maandishi. Siku moja niliona herufi W kwenye namba ya kupigiwa, nikaifuta nikidhani ni kosa. Kumbe ndiyo iliyoiambia modemu isubiri mlio wa laini. Ikapiga kabla laini haijaitikia. Ombi halikufika, na wodini mama aliyejifungua alikuwa anaishiwa nguvu. Nikairudisha, nikatuma tena, ombi likafika. Mama yule alipona. Mimi woga haukunitoka.

Subiri marahaba, mjukuu wangu. Iko siku utaamkia na hutaisikia.

Babu yako