Magugu ya Dada Mtafiti

Uko wapi wewe. Soma hii kisha unitukane, nastahili.

Nimeng'oa utafiti wa mtu.

Unajua tangu chuo kinilete hapa kituo cha kilimo kwa mafunzo, kazi yangu ni kuosha vyungu vya miche na kutumwa chai. Leo nimewahi kufika, nikaona kitalu kimoja nyuma ya ofisi kimejaa magugu. Nikasema ngoja na mimi nionekane. Nimeng'oa yote, mpaka mizizi. Nikapitisha na reki juu.

Kumbe ni ya dada mmoja mtafiti wa hapa. Anachunguza magugu yanayogoma kufa kwa dawa. Magugu yenyewe ndiyo utafiti. Nani anapalilia utafiti jamani.

Amefika, akasimama tu pale. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo imenimaliza. Akauliza taratibu, "Nani ameingia hapa?"

Mimi, na mdomo wote huu unaoujua, nikaficha mikono nyuma.

Mlinzi, yule mzee anayenigawia chai yake kila asubuhi, akasema, "Nisamehe mwanangu, niliacha geti wazi. Labda ni mbuzi."

Mbuzi wenye reki.

Dada akasema itabidi amwambie bosi, akaondoka anafuta machozi.

Nilitaka kumwita, nikaishia kumwangalia tu. Mzee akanisogelea, nikajua sasa nakipata cha moto. Akaniwekea ndoo ya maji miguuni.

"Nawa, mjukuu wangu. Kucha zako zimejaa udongo."