Simu ya Zamani na Kabati la Baba Mkwe

Jumapili, 3 Agosti

Maharagwe hayakuungua leo. Simu ya zamani ililia kwa wakati, nikaacha cherehani nikakimbilia jikoni kuongeza maji. Hiyo ni kazi yake ya nne. Ya kwanza, saa ya ukutani. Ya pili, redio ya kuku (wanataga vizuri zaidi, mume wangu Ombati abishe asibishe). Ya tatu, kumkuzia Mama mkwe maandishi ya somo la Sabato. Anaishika juu ya kitabu na kusema herufi sasa zimenenepa.

Ombati anataka tumpe yule mchuuzi anayebadilisha simu mbovu kwa beseni. Beseni tunazo tatu. Kweli simu haina laini, kioo kimepasuka pembeni, na betri haifiki saa mbili bila waya wa stima. Lakini ilinihudumia miaka sita na siibadilishi kwa plastiki. Nimemwambia mume wangu kabla ya mwezi huu kuisha simu hiyo itafanya kazi ambayo yeye mwenyewe ataishukuru. Kazi gani, sijui. Nilisema kwa hasira tu.

Jumatatu, 4 Agosti

Kabati letu la vyombo limekwisha. Baba mkwe ametuma habari kupitia Mama.

Miezi mitatu amelitengeneza. Zamani angelimaliza kwa wiki mbili. Karibu kila nyumba hapa Ikonge ina kiti au kitanda chake, ila sasa mikono inamtetemeka, na amesema hili ndilo la mwisho. Akishalikabidhi anafunga kibanda cha useremala na kugawa vifaa. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mimi nilisikia vibaya.

Jambo moja linanisumbua. Kazi yake ya mwisho itakaa mahali ambapo hatakanyaga kamwe. Tangu Ombati anioe, Baba hajavuka mlango wetu, wala hatavuka. Mzee haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Wanaiita chinsoni, ile heshima yenye haya kati ya wakwe. Hata kwetu ziwani tunayo, kwa hiyo sikushangaa nilipoletwa hapa. Hata kipimo cha kabati nilimpa kwa kamba. Niliinyoosha ukutani, nikaikata, nikampelekea nje.

Jumanne, 5 Agosti

Siku mbaya.

Kabati limeingia vipande vitatu, Ombati na majirani wawili wakibeba. Mbao za grevilea, laini kama sabuni. Nililishikashika kama mtoto mchanga. Ombati akaliunganisha. Mume wangu ni karani wa kituo cha majani chai. Anajua mizani, hajui nyundo.

Limeegama. Milango ukiifunga inajifungua yenyewe, polepole, kama mtu anayechungulia.

Baba alikuwa amesimama nje kwenye migomba akingoja. Akauliza limekaaje. Ombati akajibu limekaa sawa kabisa. Palepale mlango wa kushoto ukajifungua ukagonga ukuta, pu. Baba ana miaka arobaini ya kusikiliza milango. Hakuuliza tena. Aliondoka bila kunywa chai niliyokuwa nimempikia.

Nimemkasirikia Ombati. Anasema hakutaka kumuumiza mzee. Basi amemuumiza mara mbili.

Jumatano, 6 Agosti

Mama amekuja asubuhi. Baba hakula jana. Alikaa akihesabu vipimo kwa vidole, tena na tena, na mwisho akasema mikono imemsaliti. Vifaa amevipanga kwenye sanduku. Jumatatu anampa randa fundi mmoja wa sokoni. Ile randa, mpini wake umeliwa na kiganja chake mpaka una umbo la mkono.

Nililia kidogo. Halafu nikapiga picha ya kabati kwa simu mpya, nikampa Mama ampelekee aone si vibaya hivyo. Amerudi nayo. Baba aligeuza uso kabla hajaangalia. Alisema picha ya ndani ni ndani.

Mchana nilikuwa nafuta vumbi kwenye simu ya zamani nikakumbuka ina pimamaji. Ile ya mafundi, yenye kiputo kinachoogelea. Sijawahi kuitumia hata siku moja. Nikailaza juu ya kabati. Kiputo kikakimbia kuelekea kulia. Nikailaza kwenye rafu ya kati, kikakimbia vilevile. Nikataka kukata tamaa. Halafu, sijui kwa nini, nikailaza sakafuni.

Kiputo kilikimbia kulia tena, kuelekea ukuta wa dirisha, kwa kiasi kilekile.

Si kabati. Ni sakafu! Na sakafu hii aliimwaga Ombati mwenyewe na rafiki zake, mwaka mmoja kabla ya harusi, ili asimlipe fundi. Alipofika jioni nilimlazia simu miguuni bila neno. Aliitazama, akatazama dari. Alijua. Miaka yote hii mayai yakibingirika mezani alijua.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Hasira ilikuja baadaye.

Alhamisi, 7 Agosti

Sikufungua duka langu la ushonaji. Nimeenda kwenye kibanda cha Baba na simu mfukoni, nikasimama mlangoni kama inavyopasa, nikaeleza. Baba hakuamini kioo kilichopasuka. Akafungua sanduku, akatoa pimamaji yake ya mbao na kuiweka kwenye meza ya kazi. Akaniambia niweke simu kando yake. Vimekubaliana. Akainua upande mmoja wa meza kwa kipande cha ubao. Vimekubaliana tena. Akainua upande wa pili. Hivyohivyo.

Kisha, chini kwa chini, “Sakafu ya Ombati.” Nikaona meno. Baba anacheka mara chache, na akicheka mabega ndiyo yanayocheka.

Lakini haikutosha. Alisema dawa ni kabari nne chini ya miguu ya kabati, kila moja na unene wake, na fundi hapimi kabari kwa mdomo wa mtu mwingine. Lazima aone. Na hawezi kuona.

Mama, ambaye alikuwa akichambua mboga pale nje, ndiye aliyeamua. Akauliza, tukitundika mashuka pande zote, kwenye simu kutaonekana nini? Kabati tu. Na kabati ni lake, amelitengeneza yeye, amelitazama miezi mitatu. Baba akasema atafikiri. Alifikiri hadi chai ikapoa. Kisha akakubali, kesho saa tisa, kabla Sabato haijaingia.

Kazi ya tano. Nimeichomeka ichaji usiku kucha.

Ijumaa, 8 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Asubuhi niliosha nguo zote za Sabato na za wiki. Saa saba mvua ikaja kama kawaida ya hapa, nikaanika ndani. Kamba mbili, ukuta hadi ukuta. Halafu mashuka manne mbele ya kila kitu, yakashikwa na misumari. Nilifunika viti, nguo, na dirisha letu lenye pazia lililotundikwa kwa kamba, lile linaloning’inia katikati kama tumbo la ng’ombe. Simu ya zamani nikaisimamisha kwenye kigoda na mkebe wa majani chai, waya umechomekwa, ikivuta intaneti kutoka kwenye simu mpya. Baba alikaa nje chini ya paa la jiko lao, simu mpya mkononi, Mama kando yake. Hatua ishirini kutoka mlangoni petu.

Alipoliona kabati hakusema kitu. Nilidhani mtandao umekatika. Kumbe alikuwa anatazama.

Halafu akawa fundi. Sogeza simu kushoto. Iteremshe. Mguu wa nyuma kwanza. Alichonga kabari palepale mapajani, mimi nikitoka na kuingia kwenye matope kuzichukua. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sauti yake ilikuwa na nguvu kuliko nilivyoisikia mwaka huu mzima. Mikono ilitetemeka, Mama anasema, lakini kisu kilikata alipotaka. Milango ilianza kutulia. Nilifurahi hadi nikamwita Ombati mpenzi mbele ya simu.

Ikabaki ya nne. Ombati akainua kona ya kabati kwa bega. Kiwiko kikanasa shuka. Shuka likavuta shuka.

Yote manne chini. Viti, dirisha, na kamba mbili za nguo, zangu za ndani zikiwa mstari wa mbele, zile za rangi ya machungwa.

Kutoka nje nilisikia simu ikianguka kwenye takataka za mbao. Kisha Mama akicheka kwa sauti ambayo nadhani hata sokoni waliisikia. Baba hakucheka. Nilipochungulia, kigoda chake kilikuwa kitupu.

Jua limezama. Sabato imeingia. Kabati limesimama kwa kabari tatu. Natamani sakafu ya Ombati inimeze, kwa kuwa ina mteremko tayari.

Jumamosi, 9 Agosti

Kanisani. Baba upande wa wanaume, mimi upande wa wanawake. Hakuna aliyegeuza shingo. Niliimba vibaya.

Naiogopa Jumatatu. Randa itaondoka na mimi ndiye niliyeifukuza.

Jumapili, 10 Agosti

Asubuhi nilikuwa nafagia uwanja nikasikia kikohozi. Kile kikohozi cha mzee anayetoa taarifa kwamba anakuja. Baba alisimama kwenye migomba, mahali pake pa siku zote, akitazama migomba. Nami nikatazama ufagio. Nilitaka kukimbia.

“Mokamwana,” akasema. Ndivyo anavyoniita, mke wa mwana. “Ijumaa mimi niliona kabati peke yake. Hiyo ingine yote sijui.”

Akanyoosha mkono. Ndani yake kabari ya nne.

Sijawahi kupewa zawadi nzuri hivyo, na ni kipande cha mti kinachotosha kwenye kiganja. Nilipiga goti kidogo tu.

Ombati akainua kona, taratibu safari hii, na nguo zote zikiwa sandukuni. Kabari ikaingia. Nikalaza simu ya zamani juu ya kabati. Kiputo kikaja katikati, kikakaa. Nilimpigia kelele Baba kupitia dirishani kwamba kimekaa. Akasema anataka kusikia. Picha hapana, sauti tu. Basi nikampa Ombati simu mpya ampelekee pale kwenye migomba, nikaweka ya zamani ndani ya kabati, kwenye rafu ya vikombe, nikafanya alivyosema.

“Funga.” Nikafunga. “Fungua. Funga. Huo mwingine. Funga.”

Tik. Tik. Mlango mzuri haugongi, unapumua. Tulifanya hivyo labda mara kumi na tano. Mara ya mwisho hakuniambia nifungue. Nilipochungulia, mabega yake yalikuwa yakicheka, na Ombati kando yake akicheka pia, macho yake yamelowa.

Alikunywa chai. Vikombe viwili. Kutoka kabatini.

Jumanne, 12 Agosti

Mchuuzi wa beseni amepita. Ombati mwenyewe alitoka akamwambia kwetu hakuna simu mbovu. Nilikuwa jikoni. Nilisikia vizuri sana, lakini nilimwomba arudie.

Yule fundi wa sokoni alikuja jana kuchukua randa akarudi mikono mitupu. Mama anasema Baba alimwambia bado anaitumia. Anaitumia kwa kazi gani, Mama hajui. Amejifungia kibandani.

Alhamisi, 14 Agosti

Mvua ndogo. Maharagwe jikoni, simu ya zamani inahesabu dakika.

Nimefungua mlango asubuhi nikakuta kitu kimeegemezwa ukutani, nje. Fimbo ya pazia. Grevilea, imepigwa randa hadi inang’aa, na vishikio viwili vya kuipachika ukutani. Hakuna aliyekuwa pale. Kwenye migomba palikuwa na nyayo kwenye matope, zimefika mahali pake pa siku zote, zikasogea hatua chache hadi ukutani, zikarudi.

Nimeondoa ile kamba ya pazia iliyolegea. Nimepachika fimbo juu ya dirisha. Imeingia sawasawa, haikuzidi wala haikupungua.

Kipimo sikumpa.