Wasichana Wote Walibaki Wameketi

Puge, Jumanne. Jua limetuchoma tangu asubuhi, na mvua haina hata dalili.

Nina hasira. Nimejaribu kuituliza kwa chai ya rangi, imekataa.

Leo tulikuwa na mgeni kutoka Dar es Salaam, daktari kijana anayetafiti jinsi watoto wa shule wanavyokua. Kazi nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini mgeni wa serikali hapa kijijini hatembei peke yake, lazima afuatane na mwenyekiti wa kijiji. Basi mwenyekiti akaletewa kiti mbele ya darasa langu la saba, akakaa, kofia magotini, akisikiliza.

Mwenyekiti ni baba yake Kabula.

Daktari akasema, anayeona mwili wake umeanza kuwa wa mtu mzima asimame. Wavulana wote wakasimama, hata Masanja mwenye sauti ya kifaranga. Wasichana wakabaki wameketi wote, macho kwenye madawati. Daktari akaandika hivyo hivyo.

Nani huku asiyejua kwamba msichana akikiri amekua, amejiozesha? Kabula alivunja ungo mwaka jana. Alikuja kwangu analia, akaniomba nisimwambie mtu. Kuna mzee wa Bukene anasubiri habari hiyo tu alete ng'ombe. Na mtihani wa kwenda sekondari ni mwezi ujao, na huyu mtoto ana kichwa cha hesabu kuliko mimi.

Nikamvuta daktari pembeni, nikamwomba awaulize mmoja mmoja, faraghani. Akacheka.

"Mwalimu, mtoto adanganye kuhusu mwili wake mwenyewe ili iweje?"

Ili iweje. Na huyu ndiye msomi wetu.

Tena maneno yangu yakamwingia vibaya. Akarudi darasani, akanyoosha kalamu mbele ya watu wote.

"Mwalimu, wewe unaishi nao. Yule mrefu wa nyuma, naye bado?"

Alikuwa anamwonyesha Kabula. Mwenyekiti akageuka, akanitazama. Namwamkia mzee huyu shikamoo kila siku, na sijawahi kumdanganya.

"Bado, Daktari," nikasema. "Ni urefu tu. Kwao wote warefu."

Mwenyekiti akatabasamu, akavaa kofia yake.

Sasa daktari atapanda Landrova yake, na huko aendako wataambiwa wasichana wetu wanachelewa kukua na wavulana wanawahi. Watapanga mambo ya afya juu ya hayo. Inaniuma. Lakini inaniuma zaidi kwamba mtoto lazima aukane mwili wake ndipo aachwe asome.

Jioni Kabula alikuja kuazima kitabu cha hesabu. Hakunishukuru, wala sikutaka anishukuru. Aliketi mkekani akaanza hesabu za sehemu, akakosea ya kwanza, akafuta.

Wakirudi kuniuliza, nitajibu vilevile.