Wewe Ndiye Unayelijua Lile Gari

Chumba cha juu, duka la vioo
Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili, na natamani nisikie kwamba na wewe umeamka vizuri, goti la kushoto limekuruhusu kupanda ngazi, na ile miwani mpya imeacha kukuteleza puani. Mjukuu wako hajambo. Mitihani imemkondesha mwili lakini ulimi haujakonda hata kidogo, na anakusalimu sana. Chumba changu nimeshakizoea. Ni kimoja tu, dirisha lake linatazama ukuta wa jirani, lakini ufunguo ninao mimi peke yangu. Kazi ni ileile ya maabara ya shule: kuosha mirija, kupima dawa, na kuwazuia watoto wa watu wasijimwagie asidi.

Wifi alinifikishia ujumbe wako Jumatano. Alisimama mlangoni, akakataa kukaa, akasema umemtuma aniambie kwamba gari la marehemu baba limenoki injini, limelala uani wiki ya tatu sasa, mafundi wawili wamelitazama na kila mmoja anasema lake, na kwamba nije nimwelekeze fundi kwa kuwa mimi ndiye ninayelijua lile gari. Nilimwomba arudie yale maneno ya mwisho. Akarudia. Nikamwambia jibu nitaliandika. Basi, Mama, jibu ndilo hili, na nakuomba ulisome mwenyewe, usimpe mtu akusomee.

Unakumbuka kwamba baba alilinunua gari lile likiwa limeshatumika na watu wawili kabla yake. Mguu wake ulipokataa kukanyaga klachi, alimkabidhi mwanao ufunguo, kisha akaniita mimi pembeni, akafungua boneti na kunionyesha kijiti cha kupimia oili. Akaniambia kwamba mwanawe anajua kuendesha ila hajui kusikiliza. Wakati huo lilikuwa limetembea kilometa laki tatu na ushei. Lilikuwa linakunywa oili kama mlevi aliyepata mwenyeji, na asubuhi likiwashwa lilitoa moshi wa buluu hadi nguo zako kwenye kamba zikanuka.

Nilianza vibaya, sina haja ya kuficha. Nilinunua ile dawa nzito ya kuchanganya na oili, inayosifiwa kwamba inafufua injini zilizochoka. Niliitia, na kweli kelele zikatulia. Wiki mbili baadaye moshi ulikuwa palepale, na asubuhi za baridi gari likawa zito kuamka. Nilikwenda kumweleza yule mwanamke mwenye duka la vipuri, tuliyekuwa tunamwita Mama Spea. Alicheka hadi akashika kaunta. Akasema nimemziba mgonjwa mdomo halafu natangaza kwamba amepona.

Tangu siku hiyo akawa mwalimu wangu. Alinifundisha kwamba injini ya zamani haitaki miujiza, inataka usafi wa polepole. Kuna dawa ya kulainisha mipira ya kuzuia oili iliyokauka ndani ya injini, nayo hutiwa kidogo na kwa subira. Oili yenyewe ibadilishwe mapema kuliko kitabu kinavyosema. Halafu akaniambia nisiiamini filta kwa kutazama rangi ya nje. Alichukua msumeno, akapasua mbili mbele yangu. Ile niliyokuwa nanunua kwa sababu ni rahisi ilikuwa na karatasi chache zilizokunjwa ovyo, na haikuwa na kile kiraba cha ndani kinachozuia oili isirudi chini gari likizimwa. Nilijiona mjinga, maana mimi kuchuja ndiyo kazi inayonilisha.

Ndiye pia aliyenipatia ile filta ya pili, lile kopo lililofungwa kando ya betri, ambalo ndani yake linakaa bunda la karatasi laini kama la chooni. Linanyonya oili kidogo kidogo, linaichuja kuliko filta ya kawaida, na kuirudisha. Kila kilometa elfu tatu nilitoa karatasi nyeusi tititi na kuweka nyeupe. Na mimi nikaongeza maarifa yangu ya maabara: kila mwezi nilidondosha tone moja la oili kwenye karatasi ya kuchujia, nikaliacha likauke, nikalisoma. Tone likitanuka na kuwa kahawia, gari li salama. Likibaki doa jeusi katikati lenye kingo kali, oili imechoka. Miaka tisa, Mama. Gari likavuka laki nne, likafika laki nne na themanini, na moshi hukuuona tena kwenye nguo zako.

Uliyaona hayo yote. Nani alikuwa ananimwagia maji mikononi pale bombani? Nani alinitilia sukari kiganjani niisugue pamoja na sabuni mpaka weusi utoke? Ulikuwa unanitania kwamba mikono yangu ingemtoa mbio mchumba yeyote, bahati yangu nimeshaolewa.

Mwanao, kwenye harusi na misiba, alikuwa anawaambia watu kwamba siri ya gari ni mkono wa dereva. Nilimwacha aseme. Nilidhani sifa ya mume hulala nyumba moja na mke.

Kisha kikaja kile kikao. Alikuwa ameshaamua kwamba hanitaki, na sikumng'ang'ania. Mapenzi yakishaisha hakuna dawa ya kuyalainisha. Sikuomba nyumba wala kitanda. Niliomba gari peke yake, nikasema mbele ya wazee kwamba uhai wake nimeulinda mimi. Mwanao alicheka, akawageukia wanaume wenzake na kusema: "Huyu? Huyu alikuwa anapanda tu. Boneti lenyewe hajui linafunguliwa wapi." Wakacheka naye. Baba mdogo peke yake hakucheka. Alikugeukia akakuuliza: "Shemeji, wewe umekaa nao nyumba moja. Ni kweli asemayo?"

Ulitazama kikombe chako. Ukasema: "Mambo ya magari mimi siyajui."

Hapo wakahitimisha. Nilitoka na masanduku mawili, na wifi akanisindikiza hadi kona.

Ilipita miezi mitano. Siku moja, wakati wa mapumziko ya saa nne, nikainua macho nikamkuta mwanao amesimama maabara katikati ya masinki. Alisema alikuwa anapita tu. Aliuliza habari za mitihani ya binti, akasifu usafi wa meza, akashika mrija mmoja na kuurudisha mahali pasipo pake. Nikamwacha azunguke mpaka achoke. Mwishowe akashusha sauti. Gari asubuhi linapiga kelele kama kopo la misumari, alisema, na taa nyekundu ya oili inachelewa kuzima. Je, ile dawa niliyokuwa natia ilikuwa dawa gani? Akaniomba nisimwambie mtu kwamba alikuja. Alirudia mara mbili kwamba hasa wewe usijue.

Nikamuuliza kama kuna kitu amebadilisha. Akasema ameng'oa lile kopo la kando ya betri, kwa sababu wenzake kazini walimcheka kwamba gari lake linakwenda chooni. Na filta ya oili amenunua nyingine ya bei nafuu, maana zote ni bati na karatasi. Kabla hajamaliza kusema nilishaujua ugonjwa. Filta hiyo haikuwa na kiraba. Oili ilikuwa inarudi chini usiku kucha, na asubuhi injini inaamka kavu. Filta moja nzuri, kazi ya nusu saa, na gari lingetulia.

Sikumwambia. Nilifungua kabati la chini ya meza, nikatoa chupa, nikamwandikia maelezo kwenye karatasi. Aliizungushia gazeti, akatokea lango la nyuma. Siku ya nane gari likazimika kwenye ule mwinuko wa tangi la maji, na halijawaka tena.

Sasa nisikilize vizuri, Mama.

Kabatini mlikuwa na chupa mbili, nilizokuwa nikizihifadhi hukohuko maabara tangu zamani. Moja ni ile dawa ya kulainisha mipira, niliyobaki nayo nusu. Ya pili ilikuwa dawa kali ya kuosha injini ndani, niliyoinunua zamani katika ujinga wangu wa mwanzo. Mama Spea alinikataza kuitia katika gari lile. Alisema uchafu wa miaka umeshika kwenye kuta za ndani kama masizi ya jikoni, na ukiung'oa wote kwa mara moja utaanguka mabonge mabonge na kuziba chujio linalopitisha oili kwenda kwenye pampu. Injini itakufa kwa kiu huku oili imejaa. Sikuimwaga kwa sababu mimi simwagi kemikali kwenye mtaro. Hiyo ndiyo niliyompa mwanao.

Lebo yake ilikuwa imeshafutika. Wanaoitumia hutia, huwasha gari likiwa limesimama dakika kumi, kisha humwaga kila kitu. Mimi nilimwandikia hivi: tia chupa nzima, endesha kama kawaida wiki moja, ndipo umwage. Nikaongeza kwamba taa nyekundu ikiwaka asiwe na wasiwasi, ni dawa inafanya kazi. Nimepima asidi miaka ishirini, najua kushika chupa.

Usiseme kwamba ni hasira iliyonipofusha. Zile chupa niliziangalia zote mbili, na nilikuwa na muda wa kuchagua. Nilijiambia kwamba mwanamke asiyejua boneti linafunguliwa wapi haombwi dawa ya injini. Yeye mwenyewe aliwahakikishia wazee kwamba sijui kitu, basi nikampa alichostahili kupata kwa mtu asiyejua kitu.

Na kinachonipa usingizi mtamu, Mama, ni kwamba hawezi kusema. Wifi ananiambia kuwa fundi wa kwanza kaelezwa ni petroli chafu, wa pili kaelezwa ni joto, na wewe umeambiwa ni uzee wa gari. Ile karatasi yenye mwandiko wangu anayo, au ameichana. Akiitoa, itabidi aanze kueleza alifuata nini maabara kwangu. Ameona afadhali injini ife kuliko mdomo wake useme ukweli mmoja. Mwenye kovu usidhani kapoa, lakini na mwenye uongo usidhani yuko huru.

Sitakudanganya kwamba sina maumivu. Juzi nilipita nje ya ua wenu, nikaliona limefunikwa turubai, nikamkumbuka baba alivyokuwa akilipigapiga boneti kama mgongo wa ng'ombe. Yeye nilimkosea, na nitabaki namwomba radhi. Mwanao sijamkosea. Na wewe bado sijui. Nimesikia kwamba siku za kliniki unaomba nafasi kwenye gari la jirani na kwamba mara ya mwisho ulirudi kwa miguu. Nilichomwa moyo niliposikia. Kisha nikakuona tena umeinamia kikombe, na moyo ukapoa.

Kwa heshima ya baba, mwambie fundi asiguse kichwa cha injini kwanza. Afungue sampu, lile beseni la oili chini ya injini, atazame chujio la kunyonyea oili, atalikuta limeziba kwa uji mweusi. Kisha akague vyuma vya katikati. Vikiwa vimekwanguana sana, asiwapotezee muda, atafute injini nyingine iliyotumika. Hiyo nyingine ifungiwe filta yenye kiraba, na dawa yoyote ya chupa wasiitie. Akikuuliza ni nani aliyekuambia hayo, mjibu utakavyoona inafaa.

Lakini kuja, siji. Ukweli ulionitumia kupitia kwa wifi, mlangoni, kwa haraka, niliuhitaji siku moja tu, na siku hiyo uliufungia kinywani. Ukitaka nije, waite walewale, wakae sebule ileile, uwaambie kwa mdomo wako ulichokuwa unakiona pale bombani. Siku hiyo nitakuja, na nitasimama mimi mwenyewe niwaeleze kuhusu ile chupa, nibebe lawama yangu mbele ya watu wote. Kabla ya hapo, barua hii ni yako. Unaweza kuichoma, unaweza kumwonyesha mwanao au baba mdogo. Ila atakayeisoma ataona kwamba ulijua, na atakuuliza kwa nini ulinyamaza.

Mjukuu wako hajui lolote kati ya haya. Yule ni baba yake, na mimi ni mama yake. Akimaliza mitihani nitamweleza mwenyewe, bila kupunguza, na atakalolifikiria juu yangu nitalipokea.

Nisalimie wifi, umwambie siku nyingine akija akae, chai ipo. Nisalimie na majirani wa upande wa bomba. Goti likande kwa maji ya vuguvugu jioni, usilipandishe ngazi mapema asubuhi. Nakutakia afya.

Ni mimi,
aliyekuwa mke wa mwanao