Blanketi la Mapindo ya Suruali

Wifi,

Watoto wameshakula. Nguo zikikauka zianue, mawingu yanajikusanya.

Asubuhi uliponionyesha blanketi lako la viraka nilinyamaza. Ukasema, “Basi wifi, nimeelewa,” ukalitupa kwenye kapu la matambara, ukaenda zako sokoni. Hukuelewa. Unajua mimi hadi nipate neno, chai imeshapoa.

Kikundi chetu cha ushonaji kilitutaka tushone blanketi za maonyesho ya leo kwa mabaki ya vitambaa tu. Wewe ukachukua mapindo unayokata kwenye suruali za wateja. Mimi ningeyapiga pasi kwanza, mikunjo ife. Wewe umeiacha, ukaiunganisha kipande kwa kipande, ikawa kama njia nyembamba inayopita blanketi zima. Miaka yote ninayojifundisha kushona, sikuwahi kuwaza hivyo.

~~Ukitaka nitalirudisha kapuni.~~ Hapana. Nimeondoka nalo, litundikwe ukumbini na ya wenzetu. Langu nimelitandika kitandani kwako. Lina joto, ila halina la kusema.

Uje mapema, kabla hawajaanza kuuliza ni la nani. Ukiniachia mimi nijibu, watafunga ukumbi bado natafuta neno.

Wifi yako