Ukuta wa Kando ya Boila

Baba,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia, lakini mkono wangu haujui kuanza kukuandikia kwa namna nyingine. Tangu tukuzike niko mzima. Nakula, nalala, naongea na watu. Mama mdogo aliniambia machozi yatakuja yenyewe, nisiyaharakishe. Bado sijayaona.

Nikupe habari za kiwanda. Kile kiwanda cha chai ulichochochea boila lake mpaka kikafungwa, halafu ukabaki kukilinda kikiwa kitupu, sasa kinatafutiwa wageni. Kikundi chetu cha utalii cha hapa kijijini kimeruhusiwa kuwatembeza watu ndani, na mwongozaji ni mimi. Pale Mombo, njia panda ya kupanda huku, limesimamishwa bango lenye picha ya boila lako, linaalika watu waje waone milima na viwanda vya zamani. Ungecheka mpaka ukohoe. Wewe uliyekuwa ukishangaa mtu anatoka nchi ya baridi, anapanda ndege, anakuja Lushoto kutafuta baridi.

Alikuja mtaalamu wa utalii kutoka mjini, dada mpole mwenye buti za mvua. Akatueleza kwamba wageni wa siku hizi hawataki vitu vipya. Wanataka kutu, masizi, vumbi, alama za watu waliofanya kazi pale. Akafika kwenye ukuta wa kando ya boila, akaliona lile doa jeusi, akauliza ni la nini.

Nikamwambia ni mgongo wa baba yangu.

Nilisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei ya viazi. Nikamweleza kwamba ukishalisha moto kuni ulikuwa ukiegemea hapo, na koti lako la mafuta na masizi, ukakataa kiti walichokupa ofisini kwa sababu kiti hakina joto na ukuta unalo. Sikumweleza kwamba kila nilipokuletea makande mchana ulikuwa ukisogea kidogo ili na mimi niegemee. Akapiga picha. Akasema doa hili ndilo wageni watakalolikumbuka, tusiguse chochote. Sote tukaitikia ndiyo.

Lakini unawajua watu wetu, Baba. Ni nani huku kwetu anamkaribisha mgeni kwenye nyumba chafu? Mimi nilishuka Mombo kuwapokea wageni wa kwanza, nyuma yangu kina mama wa kikundi wakaja na fagio, ndoo na chokaa. Hakuna aliyeona anakosea. Shaba za boila zilisuguliwa kwa majivu na limau mpaka zikawaka. Nilipofika na wageni, kiwanda kilikuwa cheupe kama nyumba inayongoja bwana harusi. Dada wa mjini alishika kichwa.

Na ukuta wako ulikuwa mweupe.

Nguo zako tuliwagawia ndugu zako kama ilivyo desturi, koti amechukua baba mdogo. Picha yako tuliyonayo ni ile ya kitambulisho, na ndani yake umenuna kama mtu mwingine. Doa lile lilikuwa na mabega yako. Juu yake palikuwa na alama ya kofia. Nilikuwa nakwenda kuweka kiganja pale, sikumwambia mtu. Basi nikasimama mbele ya ile chokaa nikingoja hasira, haikuja. Nikawaeleza wageni jinsi majani ya chai yanavyokaushwa. Nikawafundisha kusema onga makeo, salamu yetu ya asubuhi, nao wakaamkiana hivyo hadi jua la utosi.

Baadaye niliuliza ni nani aliyepaka pale. Kina mama wakatazamana. Alikuwa Mama. Alikuwa ametoka eda karibuni, akaja na brashi yake, na ukuta ule hakumwachia mtu.

Jioni nilimkuta jikoni anamenya viazi, nikamuuliza. Kwanza alisema hakutaka wageni waone kwamba mume wake alikuwa mchafu. Nikakubali, nikachukua kisu nimsaidie. Tukamenya. Kisha akaongea tena, kwa Kishambaa, polepole, bila kunitazama.

"Miaka yote nilifua mgongo wa lile koti. Nafua, kesho linarudi vilevile. Nikawa namgombeza. Koti limeondoka, ule ukuta ndio uliokuwa umebaki." Akatia kiazi kwenye maji. "Sasa nimemaliza kumfulia."

Nikachukua kiazi kingine. Mkono wenye kisu uliendelea kumenya, nikautazama kama mkono wa jirani.

Halafu dada wa mjini akapiga simu. Anayo ile picha aliyoupiga ukuta, anasema fundi wa rangi anaweza kulirudisha doa kwa masizi na mafuta ya mashine, mabega na kofia na vyote, na mgeni hatajua. Hana nia mbaya. Anasema bila kitu cha kuwasimamisha watu, watapita tu kwenda kwenye maporomoko ya maji. Kikundi kimekubali, wananingoja mimi kwa kuwa wewe ni wangu. Nami nilikutaka tena pale ukutani, Baba. Nilikutaka sana. Hilo nalijua, hata kama ni jambo pekee ninalolihisi tangu uondoke.

Leo nimewajibu hapana.

Kwaheri, Baba. Mungu akupe mapumziko, na mahali pa kuegemea. Nakuahidi hakuna atakayekuchora. Mgeni akija nitamsimamisha mbele ya ukuta mweupe, nimwambie: hapa alikaa baba yangu, na mama yangu ndiye aliyepasafisha.

Binti yako,
Zaina