Ngozi Uliyolalia, Mama

Mama yangu, shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini kuanza bila kukuamkia ningeona nimekukosea mara ya pili.

Unakumbuka tulipohamishiwa kijijini hapa Nyarero, nikapewa darasa la vidudu ndani ya ghala la mahindi? Watoto wamejaa, kitabu hata kimoja hakuna. Nikaokota mifuko ya saruji kwenye ujenzi wa zahanati, nikachambua karatasi za ndani zilizo safi, nikachora ng'ombe, jembe na chungu. Majalada nikayabandika kwa uji mzito wa muhogo, nikajiona fundi kweli. Wiki haikuisha, panya wakavitafuna vyote, wakabakiza miguu ya ng'ombe. Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Mwalimu mzima, ukasema, umewapikia panya halafu unashangaa wamekula.

Mimi nililia. Mwenyekiti wa kijiji alikwisha kuniambia kuwa darasa lisilo na vitabu ni la kulinda watoto tu, na mavuno yakifika atalitaka ghala lake. Asubuhi nikakukuta uani na kisu, umeloweka ngozi kwenye karai. Ngozi yako ya kulalia, Mama, ile uliyoletewa na baba mlipooana. Nikakuuliza, wewe utalalia nini?

"Mgongo wangu umeshazoea ardhi," ukasema. "Shika huko, nikate."

Uongo mtupu. Ulikuwa mifupa tu, na baridi ya kwetu unaijua. Hata mimi niliijua. Hilo ndilo linalonitesa: nilijua, na bado nikashika.

Nikachora karatasi nyingine, tukashona vitabu kumi na kimoja, wewe ukitoboa kwa msumari wa moto, mimi nikipitisha uzi wa katani. Gundi hatukugusa tena. Siku hizo ulikuwa kwenye kisomo cha watu wazima, na herufi uliyokwisha kuishika vizuri ilikuwa M. Basi ukaishona M nene ya katani kwenye kila jalada, hata kitabu cha jembe, hata cha chungu. Nikakubishia kwamba watoto watachanganyikiwa. Ukaniuliza ngozi ni ya nani. Mwenyekiti alikuja, akakivuta kimoja kwa mikono miwili, kikakataa kuchanika. Ghala likabaki letu.

Masika yakaja, nawe ukashikwa na kichomi. Siku nne tu, Mama.

Shangazi akafika msibani, akaniita pembeni. Wanawake wa ukoo wetu, akasema, huzikwa juu ya ngozi waliyolalia. Akauliza, "Ya mama yako iko wapi?" Nikakimbia darasani na kisu. Niliazimia kuvifumua vyote na kuiunga ngozi tena kwa ajili yako, hakika niliazimia. Watoto walikuwa wameketi wawili wawili, wanaimba maneno kwa sauti, vidole juu ya karatasi. Nikakata uzi wa kitabu kimoja, cha ng'ombe. Aliyekuwa nacho hakulia, aliniangalia tu. Sikukata cha pili.

Nikarudi na jalada lile chini ya kanga. Shangazi nikamwambia ngozi imeliwa na panya. Aliamini, maana habari ya panya wangu ilikwisha kuzunguka kijiji kizima. Nililichomeka chini ya kichwa chako wakati wa kukuosha. Lilitosha kichwa tu. Mgongo wako umelala udongoni kwa sababu yangu, na sina wa kumwambia ila wewe.

Mvua ikinyesha siwezi kukaa ndani. Kitanda nimekiacha, nalala sakafuni, kana kwamba baridi yangu itapunguza yako. Haipunguzi chochote. Nimechoka, Mama. Nipige kofi ndotoni, nitukane, lakini usininyamazie hivi.

Jana binti mmoja mdogo alisinzia, shavu juu ya kitabu cha chungu. Nilipomwinua ili nimkaripie, nikaiona M yako imejichora shavuni mwake, nyekundu, imekamilika. Nikamlaza tena palepale. Akasema usingizini kwamba kitabu kina joto.

Sijui kama hilo linatosha kukuomba radhi. Lala, Mama, kama unaweza.

Ni mimi mwanao, niliyeshika upande wa pili wa ngozi.